Daftari la wazee: tulivyofikisha suala la dawa za zahanati yetu hadi Baraza la Madiwani

Bibi yangu ana presha. Kila mwezi alikuwa anashuka kilima kwenda zahanati, kitambulisho chake cha mzee kimefungwa kwenye pindo la kanga, na kila mwezi alirudi na kikaratasi cha kwenda kununua dawa. "Wamenipima vizuri, mjukuu wangu," ananiambia, kisha ananikabidhi kile kikaratasi na kunyamaza. Alijua nauli ya bodaboda mpaka barabara kuu ya TANZAM inazidi bei ya vidonge vyenyewe. Mwezi ambao sikuwa na hela, hakumeza kitu, na hakuniambia.

Kijiji chetu kipo mkoani Iringa, upande wa baridi hasa, kule ambako asubuhi ya Juni unamtambua mtu kwa macho tu, kwingine kote ni blanketi. Suala la dawa za wazee tulikuwa tunalijadili kila mahali isipokuwa mahali pake: kilabuni kwenye ulanzi, msibani, njiani kutoka shambani. Siku mkutano mkuu wa kijiji ulipotafuta wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Zahanati, nilinyoosha mkono. Nia yangu ilikuwa moja, kumkamata anayekula dawa.

Sikumkuta mla dawa. Nilikuta zahanati yenye mganga mfawidhi mmoja na muuguzi mmoja, leja ya stoo iliyoandikwa kwa mwandiko safi, na akaunti ya benki yenye fedha ambazo hazijaguswa. Mganga alinieleza kwa upole. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, haziishii tena halmashauri. Matumizi yake yanapangwa kituoni na kupitishwa na kamati. Kamati yetu ilikuwa na robo mbili za mwaka haijakaa kikao chenye akidi. Mara watu wako kwenye viazi, mara kuna msiba, mara mwenyekiti amesafiri. Bila muhtasari uliosainiwa, mganga hawezi kununua hata kile ambacho Bohari ya Dawa ya serikali imeshindwa kuleta. Ile fedha ingeweza kununua vidonge vya bibi yangu, na iliyoizuia ni kamati ya watu wa kijiji chetu wenyewe. Nililala vibaya usiku ule.

Jambo la pili lilikuwa limejificha zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Zahanati inapomhudumia mzee kwa msamaha, yaani bila kumtoza, haipati ile fedha ya papo kwa papo, lakini kidonge kimetoka. Kwa hiyo kila msamaha unatakiwa uandikwe kwenye rejista yake, jina na thamani ya huduma, ili halmashauri ione kituo kimebeba mzigo gani. Kwetu wazee walikuwa wanaandikwa kwenye daftari la wagonjwa kama watu wengine. Anayesoma taarifa yetu wilayani anaona kijiji kisicho na wazee wa msamaha. Nani atatenga fedha kwa ajili ya watu ambao hawapo kwenye karatasi?

Hapo nilifanya kosa lililonigharimu miezi mitatu. Nilipanda basi mpaka wilayani na barua yangu mkononi, nikitaka kumwona mkubwa wa afya siku hiyohiyo. Karani wa mapokezi aliisoma, akaniuliza, "Hili limepita kikao gani?" Nikasema halijapita kikao, limepita moyoni mwangu. Akanirudishia barua. Nilimchukia njia nzima. Leo naona aliniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe kabla ya kukata tiketi.

Tukaanza upya, safari hii kutoka chini. Kwanza kikao cha kamati. Nilipita nyumba kwa nyumba jioni ya kuamkia kikao, na akidi ikatimia. Tukapitisha ununuzi wa dawa kufuata orodha ya mganga, na tukakubaliana kwamba gari la Bohari ya Dawa likifika, hata saa mbili usiku, wajumbe wawili waitwe kushuhudia mzigo ukihesabiwa, na orodha ibandikwe mlangoni. Mganga alifurahi kuliko sisi. Kwa muda mrefu alikuwa anapokea maboksi peke yake na kubeba shutuma peke yake.

Kisha likaja daftari. Mtendaji wa kijiji aliniandikia barua ya utambulisho, nikazunguka vitongoji vyote kwa siku tisa nikiandika wazee, nani ana kitambulisho na nani hana, nani anatumia dawa ya kila siku. Kazi hii naikumbuka kuliko yote. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo ilibidi nitafute umri wao kwenye historia ya nchi. Bibi mmoja alisema Uhuru ulipopatikana alikuwa ameshaolewa. Uhuru ni 1961, hapo huhitaji cheti. Mzee mwingine alisema mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alihamishwa na mke na watoto wawili, akabeba mlango wa nyumba yake mgongoni kwa sababu ulikuwa wa mbao nzuri. Nikaandika. Wengi wa wasio na kitambulisho walikwama kwenye picha tu. Mpiga picha anakaa mjini, na mzee asiyeweza kutembea hafuatwi na mtu. Wapo walioniambia hawajui kama wana presha, maana hawajapimwa kamwe, huwa "kichwa kinawaka" halafu kinapoa.

Orodha ilisomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, jina kwa jina, watu wakakubali au wakapinga. Wawili waliondolewa kwa kuwa watoto wao wana uwezo unaojulikana, na hakukuwa na ugomvi. Muhtasari ukaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake mtendaji wa kata. Robo ya kwanza tulichelewa, kikao cha kata kilikaa wakati makabrasha ya Baraza yameshafungwa. Tukasubiri robo nyingine. Nilitumia muda huo kwenda kwa diwani nyumbani kwake, nikamsalimia, "Kamwene, Mheshimiwa," tukakaa jikoni kwenye moto. Nilimpa karatasi mbili tu. Ya kwanza ina hesabu za wazee, ya pili ina majina ya dawa nne zilizokosekana na tarehe zilizokosekana, kama zilivyo kwenye leja. Akasema kwa miaka yote amekuwa akisimama Barazani na kusema "wananchi wangu hawana dawa", anajibiwa "tumelipokea", basi. Hajawahi kushika tarehe mkononi.

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Nilikwenda nikakaa viti vya nyuma. Sehemu kubwa ya muda wa afya ilikwenda kwenye udumavu wa watoto, na sikulalamika moyoni, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa 2022 uliiweka Iringa juu ya mikoa yote kwa asilimia 56.9, na huku chakula tunakilima wenyewe. Ila niliona jinsi jambo dogo la kata moja linavyoweza kupita bila kuguswa. Diwani wetu aliposimama, taarifa ya kata yake ilikuwa na lile jedwali la tarehe. Aliuliza mambo matatu: kwa nini rejista ya misamaha haikukaguliwa kwenye usimamizi shirikishi, yaani ziara za wilaya za kukagua vituo, Afisa Ustawi wa Jamii atafika lini kijijini kuhakiki wazee, na mpiga picha atalipwa na nani. Diwani wa kata jirani akadakia kwamba na kwake ni hivyohivyo. Mwenyekiti wa Baraza akataka majibu yenye siku, na yakaandikwa.

Afisa Ustawi wa Jamii alikuja wiki ya tatu, na mpiga picha nyuma ya pikipiki. Walikaa siku mbili. Wazee wasioweza kutembea walifuatwa majumbani, na kule kwa mzee wa mlango nilikwenda nao mimi mwenyewe.

Dawa ya presha ilipatikana mfululizo kwa miezi mitano. Mwezi wa sita ikakatika tena kwa wiki tatu, tukaandika tarehe. Rejista ya misamaha sasa inajazwa kila siku, japo siku muuguzi akiwa peke yake na mama anajifungua, inajazwa usiku. Tumeomba mhudumu mwingine wa afya na bado hatujapewa. Ombi hilo lipo ukurasa wa kwanza wa taarifa yetu ya robo hii, na kikao cha kata ni Alhamisi.

Bibi anaenda zahanati mwenyewe. Akifika anasimama kwanza mlangoni kwenye ile orodha iliyobandikwa, na kwa kuwa hasomi, anamwomba mtoto yeyote aliye karibu amsomee yote, hata dawa ambazo si zake.