Mitaa ya Riverside nimeisimulia Igogo

Niko Mwanza likizo, juzi jioni tumekaa nje kwa mjomba kule Igogo juu kwenye mawe, sato na ugali mezani, akanichokoza, "Haya mpwa, huko Marekani pakoje, na usinidanganye." Nikamwambia mjomba mi nakaa Berwyn, pembeni ya Chicago, ila kazi ya kupeleka vifurushi inanipitisha sana mji jirani unaitwa Riverside, na siku ya kwanza nilipotea vibaya mno, mana Chicago barabara zimenyooka kama mistari ya daftari la hesabu, za Riverside zinapinda tu, unaingia mtaa huu unajikuta ulikotokea.

Kumbe makusudi! Ramani ilichorwa 1869 na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walewale waliochora bustani ya Central Park ya New York, walitaka mtu akishuka treni na kelele za jiji kichwani asikimbizwe tena na barabara, ndo mana njia zimejipinda kama mto Des Plaines unaopita hapo, na njia zikikutana wanaacha kipande cha pembetatu, majani na miti tu, hakuna wa kukijenga. Nyumba nazo ziwe nyuma kama mita 9 toka barabarani. Halafu taa za mtaani mpaka leo ni za gesi, jamani, GESI, jioni ya theluji ule mwanga wa njano unakusahaulisha kabisa kuwa gari bado limejaa mizigo ya watu.

Hela haikukubali lakini, Chicago iliungua 1871, uchumi ukaanguka 1873, kampuni iliyokuwa inauza viwanja vya Riverside ikafilisika. Ramani ikabaki, na 1970 mji ukaingizwa kwenye alama za kihistoria za taifa.

Mjomba alicheka mpaka karudisha tonge kwenye sahani. "Yani mtu kalipwa achore vichochoro vya kupinda? Si angekuja Igogo aone bure!"

"Huku mawe ndo yamechora," anti akadakia.

Nikauliza, sasa ile pembetatu ya kwetu iko wapi, watoto wanachezea wapi? Anti akanyoosha mkono kwenye jiwe moja kubwa bapa chini yetu, hilo tu ndo limewashinda kujenga, watoto wanateleza na vipande vya dumu, na jirani anawafukuza kwa ufagio mana kaanika dagaa zake hapohapo.