Thelathini na Mbili Zilizozidi

Mwaka 2018, Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri, nilijiapiza kuandika draiva yangu mwenyewe, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya kusoma kipokezi cha GPS kwenye bodi ndogo yenye chipu ya Allwinner H3. Keneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo, ina draiva ya siriali tangu zamani. Niliizima makusudi ili nijifunze. Ubishi wa ujana.

Kipokezi nilikichomeka UART3, mmoja wa milango ya siriali ya chipu. Kifaa cha namna hiyo kikipata data hubisha hodi kwa prosesa, ndiyo intarapti, na kila mbisha hodi ana namba yake. Kitabu cha chipu kilisema UART3 ni 35. Nikaandika 35 kwenye divaisi trii, lile faili linaloieleza keneli vifaa vilivyopo. Nikawasha. Draiva ikapanda bila kulalamika, ila haikuja hata herufi moja.

Siku mbili nilihangaika na nyaya. Antena niliitoa dirishani mpaka muuza chipsi wa chini akauliza kama tunafunga king'amuzi.

Jioni ya pili nikamwendea Fundi, ndivyo tulivyomwita mkubwa wetu pale.

"Kaka, naomba uniangalizie."

Nyaya hakuzigusa. Alinifungulisha /proc/interrupts, orodha ya keneli ya intarapti zote. Mstari wa draiva yangu ulianza na 46, zikafuata sifuri nne, idadi ya hodi kwa kila kiini cha prosesa, kisha 67.

"Dogo, hii 67 umeitoa wapi?"

"Sijaiandika popote, kaka."

"Simu yako inasoma ngapi?"

"17:50."

"Kwa hiyo ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro kumi."

"Umeshatoa sita. Na mimi nikizitoa tena?"

Nilicheka kabla sijaelewa. Kidhibiti cha intarapti cha ARM, yaani GIC, kimetenga namba 0 hadi 15 kwa viini kuamshana, 16 hadi 31 kwa shughuli za ndani za kila kiini. Vifaa vingine huanzia 32. Divaisi trii huvihesabu hivyo vingine kuanzia sifuri, halafu keneli huongeza 32 yenyewe. Kitabu kilikuwa kimeshaziongeza. Nilitakiwa kuandika 3 tu. Ile 46 nayo ni namba ambayo Linux hujigawia yenyewe, haina undugu na hizo mbili.

Fundi akaendelea kuusoma msimbo wangu, akasimama kwenye `if (irq < 0)`, sharti la kukagua kama namba ya intarapti imekosekana. Hapo niliona haya kweli. `irq_of_parse_and_map`, inayoisoma namba hiyo kutoka divaisi trii, ikishindwa hurudisha sifuri, siyo hasi. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alilishikilia hilo miaka mingi, kwamba kwa draiva sifuri maana yake hakuna intarapti. Tena kigeu changu nilikitangaza `unsigned`, kwa hiyo hakingekuwa hasi hata kwa dawa. Lile sharti lilikuwa pambo.

Nikarekebisha yote mawili, nikakompaili, nikawasha upya. Pale penye 67 pakasoma 35, na sifuri ya kwanza ikaanza kupanda. Kisha mstari wa kipokezi ukatokea: `$GPRMC,154210.00`, yaani 15:42:10.

GPS hutoa saa kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Fundi akatazama saa ya ukutani: saa kumi na mbili na dakika 42 jioni.

"Hapo usiguse," akasema, akachukua begi lake.