Waini inashuka Kilindini, mbona Nairobi inauzwa rahisi kuliko kwetu?

Hili swali naulizwa sana na watu wanaojua kwamba nimefanya kazi kwenye baa za hoteli huku Mombasa north coast, na mimi mwenyewe linanikera kwelikweli. Kontena la waini kutoka Cape Town linashushwa hapa hapa bandari ya Kilindini, tunaliona kwa macho yetu, alafu ukiingia duka la Bamburi ama Nyali unakuta chupa ileile iko juu kuliko ulivoiona Nairobi. Si kila duka, na si kila chupa. Suparmaketi kubwa zenye matawi nchi nzima mara nyingi bei zao hazipishani sana. Tofauti utaiona kwa maduka madogo ya mtaani, na ukifika hoteli za ufuoni ndo basi tena.

Wengi wanakimbilia kulaumu ushuru. Ushuru ni mzito sikatai, lakini ushuru haujui Mombasa wala Nairobi. Tangu sheria ya Desemba 2024 waini inatozwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya pombe halisi iliyo ndani yake, kwa hivo chupa ya mililita 750 yenye pombe asilimia 12 ina sentilita 9, piga hesabu, hiyo ni shilingi 202.50 na hapo bado hujahesabu ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 inayokuja juu ya hizo zote. Chupa hiyo iuzwe Likoni, iuzwe Kisumu, iuzwe Garissa, hiyo pesa ni ileile na stempu ya KRA, wale wakusanya ushuru wa serikali, ni ileile. Kuna nchi ambazo bei inatofautiana kwa sababu sheria zenyewe zinatofautiana, Kanada kwa mfano kila jimbo lina mambo yake, Quebec wana shirika lao la serikali linaloitwa SAQ, Ontario wana LCBO, na Alberta wakaachia maduka ya watu binafsi tangu 1993. Kwetu sisi kodi ni moja. Kaunti zinachotoza zaidi ni leseni ya duka.

Sasa tofauti inatoka wapi? Kwanza ni safari. Waagizaji wakubwa wako Nairobi, godauni ziko Nairobi, kwa hivo kontena likishuka bandarini linapandishwa lori ama treni ya SGR mpaka Embakasi, linafunguliwa huko, makatoni yanapangwa, alafu yale yetu yanarudishwa Pwani kwa lori. Kilomita 480 hivi kwenda na 480 kurudi, na dizeli analipa nani? Ni wewe na mimi. Msisahau 2019 watu wa hapa waliandamana barabarani wakati serikali ililazimisha kontena ziende bara kwa treni, godauni na madepo ya Changamwe na Miritini yakabaki wazi, vijana wakakosa kazi. Agizo la kurudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa lilikuja Septemba 2022. Lakini agizo linarudisha makaratasi ya bandari, halimlazimishi mfanyabiashara ajenge stoo huku, na kama stoo yake iko Nairobi basi bei yake inaanzia Nairobi.

Hata hivo mafuta ya lori ukiyagawanya kwa chupa zote zilizo ndani hayatoshi kueleza ile tofauti yote. Mimi naona kubwa zaidi ni mwendo wa kuuza. Hapa mji una Waislamu wengi, mitaa mingi hakuna anayeuza wala anayetaka kuuziwa, na hiyo ni heshima ya mji wetu, mimi siitakii mabadiliko. Wanunuzi wa waini ni wachache na wengi wao ni wageni, na wageni wanakuja kwa msimu. Mvua za Aprili na Mei zikianza hoteli zinabaki tupu na kuna nyengine zinafunga kabisa. Mwenye duka ambaye katoni lake linakaa rafu miezi ni lazima aweke faida kubwa kwa kila chupa, manake kodi ya nyumba na leseni zinamsubiri palepale, wakati mwenzake wa Nairobi anauza katoni hilohilo wikendi moja na faida ndogo inamtosha.

Alafu joto. Hili halisemwi na linaniuma kuliko yote. Waini haipendi joto, na duka la mabati huku mwezi wa Februari ni tanuri. Chupa ikikaa hapo inapoteza harufu yake yote, kizibo kinasukumwa, ukiifungua unapata kitu kama juisi iliyopikwa. Muuzaji anayejali anaweka AC usiku na mchana, na bili ya stima ya Pwani mnaijua. Kwa hivo bei ya juu kwa duka lenye baridi naielewa kabisa na nailipa. Ile ya juu kwa duka ambalo chupa zimepangwa dirishani zinapigwa na jua la saa nane, hiyo hapana, hiyo ni kumuumiza mteja mara mbili.

Ukitaka kuona haya mambo vizuri angalia mnazi, yaani tembo la kugema, ambao ni mvinyo wetu wenyewe. Kaloleni na Rabai mgema anashuka na tembo asubuhi likiwa bado tamu, unalinunua palepale chini ya mnazi kwa bei ya chini kabisa. Mitungi ikipakiwa kuja Kisauni ama Likoni, bei ishapanda, na si nauli tu. Tembo haliachi kuchacha njiani, jioni limekuwa kali, kesho yake linaelekea siki, kwa hivo mwenye mangwe, yaani kilabu cha mnazi, analipisha na lile ambalo anajua litambakia. Na usishangae likiwa limeongezwa maji, hiyo nayo ni njia ya kupandisha bei bila kugusa bei. Lamu ndo mbali zaidi, wauzaji wanahesabika, na chupa ya waini inafika Mokowe kwa lori alafu inavushwa kwa boti, hapo hata ukitajiwa bei kubwa huna wa kugombana naye.

Ninachotaka ni kitu kimoja, waagizaji wafungue stoo zenye baridi hapa Changamwe, kontena zima lifunguliwe hapa na Pwani yote ihudumiwe kutoka hapa, Kilifi, Malindi, Diani, mpaka Lamu. Soko la hoteli peke yake linatosha kuanzia, na vijana wa kupakua na kuendesha wapo. Mpaka hapo, ukinunua chupa huku muulize muuzaji katoni limekuja lini na lilikuwa limewekwa wapi. Akikujibu bila kubabaika, lipa. Akianza kuzunguka, toka uende duka la pili. Na kama uko Voi ama Malindi niandikie unanunua chupa gani na kwa pesa ngapi, nataka nizipange hizi bei pamoja mji kwa mji.