Barua Ilisema Ufadhili Kamili, Dola 1,260 Zimetoka Wapi?

Bili za muhula zikitoka vyuo vya hapa Marekani, swali la wanafunzi wetu wapya huwa lile lile: barua ilisema ufadhili kamili, mbona nadaiwa? Kinachowaumiza ni mstari mmoja kwenye akaunti ya chuo, umeandikwa "NRA tax", yaani kodi ya wageni wasio wakazi, dola 1,260. Nyumbani watu wameshachangia nauli, wameshachangia viza, na mtoto ameshaagwa kwa sherehe. Nani atarudi kwa wajomba kuwaambia kuna deni?

Hasira yangu inatoka hapa: deni hili si la bahati mbaya. Chuo kinalijua tangu siku kinaandika barua ya ufadhili, na bado kinaandika "kamili".

Hesabu yake ni hii. Sheria ya kodi ya Marekani inaugawa ufadhili mafungu mawili. Kinacholipa ada, michango ya lazima na vitabu vinavyotakiwa na kozi hakina kodi. Kinachokulaza na kukulisha ni kipato, na mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, hukatwa asilimia 14 ya kipato hicho. Chukua ufadhili wa dola 62,000: 44,000 za ada, 18,000 za bweni na chakula. Asilimia 14 ya 18,000 ni 2,520, ikigawiwa mihula miwili ni 1,260 kila mmoja. Fedha zenyewe hazipiti mkononi mwako, zinatoka mfuko mmoja wa chuo kwenda mwingine, kwa hiyo hakuna pa kukata. Ndipo inageuka bili. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi milioni sita za Tanzania, na ada ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnaijua.

Misri, Moroko na Tunisia zina mikataba ya kodi na Marekani yenye vifungu vinavyowakinga wanafunzi wao. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazina mkataba wowote wa namna hiyo. Wizara zetu za fedha zinapopiga picha na mabalozi, hili ndilo ningependa liwe mezani.

Sasa angalieni deni dogo linavyoweza kumrudisha mtu nyumbani. Usipolipa, vyuo vingi hukufungia usajili wa muhula unaofuata. Usiposajiliwa huna krediti. Shahada ya kwanza, F-1 inakutaka uwe na krediti zisizopungua 12 kila muhula, na kozi ya mtandaoni inahesabiwa moja tu, ya krediti 3. Ukishuka chini ya 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, rekodi yako kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, hufungwa. Na kazi nayo ina mpaka: saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo tu, wakati masomo yanaendelea. Dola 14 kwa saa ni 280 kwa wiki. Kwenda kuosha vyombo mgahawani mjini "kwa wiki mbili tu" ili kuziba deni ni kosa zito kuliko deni lenyewe. Msidanganywe na wanaosema kila mtu anafanya.

Ukiona huwezi kulipa, nenda ofisi ya fedha mapema uombe kulipa kwa awamu. Wengi wetu tunanyamaza kwa aibu mpaka tarehe ipite, na tarehe ikishapita msaada unapungua sana.

Sehemu ya kodi hiyo hurudi, na hili wengi hawaambiwi. Mwezi Machi chuo hutoa fomu 1042-S, inayoonyesha ufadhili unaotozwa kodi na kodi iliyokatwa. Kabla ya tarehe 15 Aprili unajaza 1040-NR, fomu ya kodi ya mapato ya wasio wakazi, pamoja na 8843, fomu ya kueleza siku ulizokaa Marekani. Kwa mwaka wa kodi 2025, dola 11,925 za kwanza hutozwa asilimia 10, zinazofuata asilimia 12. Kwa 18,000 zetu, kodi halisi ni 1,921.50. Ulilipa 2,520, unarudishiwa 598.50, kama huna kipato kingine. Msitumie programu za kodi wanazotumia Wamarekani: nyingi hujaza fomu 1040 ya mkazi, zinakupa punguzo usilostahili, na kosa hilo litakusubiri siku ukiomba hati nyingine. Waulizeni chuo, vingi hulipia programu ya wageni. Na mkifanya kazi chuoni, tazameni hati ya mshahara: miaka mitano ya kwanza ya kalenda F-1 hakatwi ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani michango ya pensheni na ya bima ya afya ya wazee. Ikikatwa, mwombe mwajiri airudishe kwanza.

Kwa walio nyumbani na barua mkononi: fungueni I-20, ile hati ya chuo ya kuombea viza, ukurasa wa kwanza. Upande mmoja kuna gharama za mwaka, upande wa pili kuna fedha zinapotoka. Kwa kawaida kodi haimo upande wa gharama, na pengo lililobaki huandikwa kama fedha zako binafsi, hata kama baba ni mwalimu wa shule ya msingi. Kisha andikeni barua pepe kwa ofisi ya ufadhili: nitadaiwa kodi kiasi gani kila muhula? Bima ya afya imo? Bweni likifungwa Desemba nitalala wapi, na kadi ya chakula itafanya kazi? Mwaka wa pili ada ikipanda, ufadhili unapanda nayo? Takeni jibu la maandishi, si la simu. Na barua iende kabla ya tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu la mwisho, kwa sababu mpaka siku hiyo bado wao ndio wanaokuhitaji ukubali.