Maji ya moto kwenye nyumba yangu ya Njiro

Jamani mwezi wa sita na wa saba Arusha sio mchezo, mji uko karibu mita 1,400 juu ya bahari na asubuhi maji ya bomba yanauma mpaka mifupa, ndo maana kwenye ujenzi wangu nimebanana na fundi kwenye maji ya moto kwanza. Hita ya kuogea ile ya papo kwa papo bei yake ni rahisi, ila ikiwa ya kilowati 5 dakika 12 tu inakula yuniti 1 ya LUKU, sasa piga hesabu familia nzima. Mi nimechukua ya sola, tenki juu paneli chini, maji yakipata moto yanapanda yenyewe bila pampu, na paneli zinatazama kaskazini maana Juni jua linapita huko. Siku za mawingu kuna koili ya umeme ndani ya tenki.

Joto la ndani silingibodi na mapazia mazito yanatosha. Jiko la mkaa chumbani hapana kabisa, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini!

Bafuni nimeachia matundu juu ukutani mvuke utoke, bila hivyo rangi inabanduka na kona zinaota ukungu mweusi.