Perege na watoto mdomoni

Jana alfajiri nimeingia mtumbwini na shemeji, mto Kilombero, upande wa Ifakara. Maji ya masika yametandaa mbugani, na huko ndiko samaki hukimbilia kuzaliana. Tukanasa perege jike, mkubwa kama kiganja. Shemeji akamfungua mdomo, mara vifaranga kama punje za mtama vikamwagika kwenye maji ya mtumbwini! Nilikuwa nasikia tu kwamba perege hulea mdomoni. Akamrudisha mtoni na wanawe, huku akinung'unika kwamba kitoweo ndiyo kimekwenda hivyo.

Mbele kidogo tukakuta watu wanavuta kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota. Matundu yake hata kidole kidogo hakipiti. Limepigwa marufuku, na kila mtu pale anajua. Nikamsalimia mzee mmoja, shikamoo, nikauliza mbona hivi.

"Marahaba mwanangu. Nisipovuta mimi, atavuta jirani."

Nilikosa jibu. Beseni lao limejaa perege wa urefu wa kidole, wale wa kukaangwa wazimawazima. Na bonde hili ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2002, jamani, maji yake ndiyo yanayoshuka Rufiji.

Jioni tulikula ugali na mchicha. Shemeji hakuongea sana.