Mbegu mwanzo, majani makavu mwisho: nilivyouelewa uwatu

Mchuzi wa samaki wa mama ulikuwa na harufu moja ambayo tangu niolewe nilishindwa kuipata jikoni mwangu. Samaki aina ya changu nilikuwa naye, tui zito na tui jepesi, ukwaju, manjano, pilipili mbichi. Mchuzi ulitoka mzuri, lakini haukuwa ule. Siku moja nikampigia simu.

"Mama, unatia nini usichoniambia?"

"Uwatu, mwanangu. Punje chache tu kwenye mafuta, kabla ya kitunguu. Nilidhani unaniona."

Jioni ile ile nikanunua uwatu Marikiti, hapa Mombasa. Nikatia kijiko kikubwa kizima, nikauacha kwenye mafuta mpaka ukawa mwekundu, ndipo nikakata vitunguu. Mchuzi ulikuwa mchungu kama shubiri. Nikaongeza tui, nikaongeza chumvi, hata sukari kidogo, uchungu haukutoka. Mume wangu alikula kimya akamaliza, mtoto akasukuma sahani. Iliniuma, maana samaki yule alikuwa wa kilo nzima.

Sasa najua kilichotokea. Mbegu ya uwatu ina uchungu wake wa asili, na ikiungua uchungu huo huzidi na kuingia kwenye mafuta yote, na mafuta ndiyo yanayobeba mchuzi. Siku hizi kwa samaki wa kilo moja natia robo kijiko cha chai. Vitunguu navikata kwanza, naviweka karibu na jiko. Mafuta yakishapata moto napunguza, natia mbegu na sibanduki. Zina rangi ya asali. Zikianza tu kuelekea rangi ya maandazi, na harufu ikapanda, papo hapo namwaga vitunguu. Maji ya vitunguu hupoza mafuta na mbegu haziendelei kuungua. Kazi yote hiyo haifiki hata nusu dakika. Ukichelewa, zimwage na mafuta yake uanze upya. Ni nafuu kuliko kupoteza samaki.

Kosa la pili lilikuwa la kudhani uwatu ni uwatu tu. Nilikuwa napika kuku wa mchuzi mzito wa nyanya na malai, ule wa Kihindi, na maelekezo yalitaka methi kavu. Methi ni uwatu, nikajisemea, nikasaga mbegu nikatia kijiko cha chai. Mchuzi ukawa mzito wa kuvutika, tena mchungu. Jirani yetu, mama mtu mzima wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tunamwita Masi, aliuonja kwa ncha ya kijiko.

"Beti, hii ni mbegu. Kuku anataka majani."

Akaniletea kopo lake. Ndani mlikuwa na majani makavu ya kijani kilichofifia, mepesi kama chai. Akaweka kikaango kikavu motoni, akayapitisha kwa kuhesabu hadi kumi, akayatia kiganjani na kuyasugua kwa kiganja cha pili juu ya sufuria. Yalianguka kama vumbi. Akafunika, akazima moto, akaniambia nisifunue kwa dakika tano. Nilipofunua nilipata harufu ya nyasi kavu na ya sukari inayoanza kuungua, kwa pamoja. Uchungu wa mbegu haukuisha, lakini ulikuwa umepata mwenzake.

Methi hiyo huitwa kasuri, kwa jina la mji wa Kasur ulio Punjab, upande wa Pakistani. Harufu yake inatokana hasa na kitu kiitwacho sotoloni, na kinanukia mbali kweli: watu wa New York walikuwa wakishangaa tangu 2005 harufu tamu iliyokuwa ikija na kuondoka mjini, hadi mwaka 2009 meya wao Michael Bloomberg akatangaza kwamba inatoka kwenye kiwanda cha New Jersey kilichokuwa kikishughulikia mbegu za uwatu. Mimi nikipika jioni, kanga yangu hunukia mpaka asubuhi.

Majani mabichi ni habari nyingine kabisa, hayo ni mboga. Nachambua majani peke yake, kwa kuwa vikonyo ni vigumu na vichungu. Nayanyunyizia chumvi, nayaacha robo saa, nayakamua maji ya kijani, ndipo nayakatakata na kuyatia kwenye viazi vilivyokaribia kuiva na kitunguu saumu. Dakika tano zinatosha. Ukiyatia mwanzo yanakuwa meusi, ladha inabaki uchungu tu.

Nilipoona fungu la sokoni halinitoshi, nikaotesha mwenyewe. Mbegu zile zile za jikoni: nililoweka usiku mmoja, zikavimba na kutoa utelezi, nikazitawanya kwenye beseni kuukuu nililolitoboa chini, nikafunika kwa udongo mwembamba. Siku ya tatu zilikuwa zimechomoza, na baada ya wiki kama nne nikakata. Yaliyobaki niliyakausha kivulini juu ya kitambaa, kwa sababu jua kali linayanyang'anya rangi. Hapa pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo kopo lazima lifungwe kisawasawa, la sivyo yanapata ukungu.

Kuna jambo moja nalisema kila ninapopikia wageni. Uwatu ni wa jamii ya kunde, na baadhi ya watu wanaodhurika na njugu karanga hudhurika nao pia. Nauliza kwanza. Na mja mzito asinywe uwatu mwingi kama dawa bila kumwuliza daktari. Punje za mchuzini ni jambo jingine.

Mwezi uliopita mama alikuja kukaa nasi. Mchuzi wa samaki alikula bila kusema neno, akaongeza wali mara mbili. Kilichomsimamisha ni kopo la majani makavu, ambayo hajawahi kuyatumia maishani mwake. Akalinusa, akasugua kidogo kiganjani, akanyanyuka kwenda kwenye sufuria ya maharage ya nazi iliyokuwa jikoni, akayanyunyizia, akafunika.

Alipoondoka alilibeba lile kopo. Nimeshapanda beseni jingine.